Siku ya Bernadetha Si Julai Mosi

Habari hii nilipewa na Agness, mkwe wa Bernadetha wa Nyanungu, Jumapili ya pili baada ya mambo yenyewe kutokea, tukiwa tunachambua mboga nyumbani kwangu. Alicheka mpaka akajishika ubavu. Siku yenyewe, alisema, hakucheka hata kidogo.

Tangu Agness aolewe kwenye mji ule hajawahi kumwona Bernadetha akishika jembe tarehe kumi na sita Aprili. Palizi imechacha, magugu yanameza mahindi, na yeye amevaa viatu vyake vyeusi, amekaa kibarazani anakunywa uji wa ulezi. Ukimuuliza, anakwambia, "Wafanyakazi wana Mei Mosi, wakulima wana Nane Nane. Mimi nina hii moja tu." Marehemu mumewe aligomba miaka thelathini, akachoka.

Mwaka huu watu wa vitambulisho walikuja kwenye kata kwa siku tatu. Wenzake walikwenda siku ya kwanza. Bernadetha akasema atakwenda ya tatu, kwa sababu ndiyo yake. Asubuhi hiyo redio ikatangaza kwamba leo ni Siku ya Sauti Duniani.

"Mmechelewa kujua," akaijibu redio. Akatungua kalenda ya parokia ukutani, akaikunja, akaiweka kwapani. Agness akamfuata nyuma na mwavuli.

Mwandishi wa vitambulisho alikuwa kijana wa mjini, Erasto, mpole lakini mwenye haraka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mura, kijana wangu."

Akauliza jina, akauliza kijiji, kisha akajaza mahali pa kuzaliwa na tarehe bila kuuliza. Bernadetha aliishia darasa la tatu, lakini namba anazisoma hata zikiwa zimegeuzwa kichwa chini. Akaweka kidole juu ya karatasi.

"Hii Julai Mosi ni ya nani?"

"Ni yako, bibi. Wazee wasio na cheti wote tunawawekea Julai Mosi."

Bernadetha akageuka, akaitazama foleni. Watu kama arobaini, wengi na fimbo zao. "Wote hawa? Mama zetu walijifungua siku moja? Mkunga alikuwa nani, alikula saa ngapi?"

Foleni ikaangua kicheko. Mzee Werema, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa amekaa kwenye benchi, karatasi yake mkononi. Alikuwa ameshamaliza.

"Shemeji, kubali. Mimi nimezaliwa Julai Mosi tangu saa tatu asubuhi, na wala haiumi."

"Wewe hata ukiambiwa umezaliwa jana utaitikia."

Akafungua kalenda mezani. Aprili, kumi na sita, pameandikwa Mtakatifu Bernadetha. "Padri alinipa jina la siku yenyewe. Jina langu ndiyo tarehe yangu."

"Bibi, jina si ushahidi. Cheti cha ubatizo kiko wapi?"

"Kilikwisha na mchwa, pamoja na sanduku."

"Basi kubali hii. Ukikataa nakuruka, na jioni tunahamia kata nyingine. Bila kitambulisho hutapata kadi ya matibabu ya wazee."

Agness akamshika kanga. "Mama, goti lako. Kubali tu, nyumbani tutajua sisi ukweli."

Goti lilikuwa linamuuma kweli, tangu walipopanda mlima wa kuja pale. Lakini Bernadetha alifikiria mtu atakayeandika tarehe kwenye kaburi lake akinakili karatasi ya huyu kijana. Akavuta kiti, akakaa vizuri, kama mtu anayesubiri chakula.

"Niruke."

Erasto akaita anayefuata. Anayefuata alikuwa Thadeo, mfuga nyuki. Thadeo alikuwa ameinama kwenye kalenda, anafunua Oktoba kwa kidole kilicholowa mate. Akafika ishirini na nane, akaganda.

"Kumbe niko hapa," akasema. "Mimi nami niruke."

Wa nyuma yake akakataa kupita. Na wa nyuma yake. Erasto akatazama saa. Kelele zikamtoa mtendaji wa kata, Beatrice, ofisini kwake.

"Fomu za kiapo zimo kwenye lile boksi," akasema. "Siku tatu hamjalifungua. Mzee akiapa na shahidi akasaini, tarehe inakubalika."

"Haya. Shahidi wako nani, bibi?"

Bernadetha akawahesabu kwa vidole. Wote waliokuwepo siku ile walikuwa wamekufa. Akamtazama Werema. Werema akatazama fimbo yake, kisha akainuka polepole.

"Mama yake alijifungulia njiani akienda misheni, mvua inanyesha," akasema. "Mtoto hakulia. Walipomfikisha misheni, padri akambatiza haraka haraka asije akafa bila jina. Maji yalipomgusa utosini akapiga ukelele, hajanyamaza mpaka leo. Mama yangu alikuwa na mimba yangu. Kesho yake alimpelekea mzazi uji, na kesho yake tena nikazaliwa mimi. Alinisimulia hivyo mpaka anakufa."

Erasto akaandika. "Na mwaka?"

"Mwaka mmekadiria wenyewe, siubishii," akasema Bernadetha. "Siku usiiguse."

Werema akaweka dole gumba. Halafu, badala ya kurudi kwenye benchi, akaichana karatasi yake ya Julai Mosi vipande viwili. "Mimi sina padri, lakini kuhesabu najua. Niandike tarehe kumi na nane. Na wewe shemeji utanisainia."

"Nitafikiria," akasema Bernadetha, na tayari kidole chake kilikuwa kwenye wino.

Siku mbili baadaye Werema hakutoa ng'ombe. Alifika kwa Bernadetha na viatu vya kanisani vya mwanawe, vinambana, akakaa kibarazani kwenye kiti cha shemeji yake na kudai uji. Agness akampa bakuli kubwa.

"Leo ni yako," Bernadetha akamwambia, akabeba jembe begani. "Kaa sawasawa. Usinitie aibu kwa kuinuka."

Akashuka shambani. Alipofika tuta la tatu akageuka kumwangalia. Bakuli lilikuwa tupu, viatu vimevuliwa, kofia imeshuka usoni, na Werema alikuwa amelala fofofo mchana kweupe.