Mama, Unanipita Hivihivi?

Mdogo wangu alikufa kwa homa ya ghafla, lakini duka la vyombo halikuacha kumtumia. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuita wateja, ndiyo maana watu walimbandika jina la Kasuku. Koo lilipoanza kumsumbua, tajiri wake alimrekodi, akaiweka sauti kwenye spika juu ya mlango. Tangu hapo ilijirudia kutwa nzima: "Mama, unanipita hivihivi? Sufuria hizi nimemwekea nani?" Hakuwa na mtu maalumu kichwani. Kwa Kasuku, kila mwanamke aliyepita pale alikuwa mama.

Baada ya mazishi, mama yetu alikwenda dukani kuchukua koti la kazi la Kasuku. Alirudi jioni, mikono mitupu. Kesho yake akaenda tena, na kigoda. Akawa anashinda pale juani, kando ya ndoo za plastiki, na kila alipoulizwa na spika alijibu kwa upole, "Sikupiti, mwanangu. Nipo."

Ana presha. Daktari alituonya kwamba akiendelea kukaa juani bila kula wala kumeza dawa, tutamzika na yeye. Nilimsihi, nikamfokea, nikampelekea chakula akakigawa kwa wapita njia. Alinijibu kwamba hawezi kumwacha mtoto anaongea peke yake barabarani.

Mimi ni fundi cherehani. Jioni nahudhuria darasa la watu wazima, maana nilichoka kusomewa maandiko na wengine. Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni neno balagha. Alisema ni ufundi wa kusema mpaka anayesikiliza akubali. Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kufika. Neno balehe nalo limetoka humo, mtoto aliyefika utu uzima. Maneno ya msemaji wa namna hiyo hayaishii masikioni. Yanafika.

Fundi bomba anayekaa nyuma yangu akasema basi mke wake ni profesa, kwani neno lake moja humfika mpaka magotini. Tulicheka.

Kisha mwalimu akaeleza swali la balagha, lile linaloulizwa si ili lijibiwe bali limsukume msikilizaji. Akaomba mfano. Nilijikuta nimeshasema, "Mama, unanipita hivihivi?"

Akanisifu, akaliandika ubaoni. Nililitazama. Kasuku aliuliza bila kutegemea jibu, na huko aliko sasa alikuwa anajibiwa kila siku.

Niliomba njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilimwomba Mungu anipe maneno ya kumfika Mama kama yale, na mpaka nalala sikuwa nimepata hata moja. Asubuhi nilikwenda kwa tajiri, nikamwomba aizime spika.

"Dada, unataka nimzike mara ya pili?" aliuliza. Alimpenda Kasuku, hilo silifichi.

Nilimwambia anayekufa sasa ni yule pale nje. Alichungulia, akakiona kigoda. Akaleta ngazi, akapanda, akachomoa waya.

Mama alibaki ameinamisha kichwa upande mmoja, akisubiri. Nilichuchumaa mbele yake, tayari kumdaka akianguka kwa kilio. Badala yake uso wake ukachangamka.

"Amenyamaza," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi amefunga kazi. Twende nyumbani, akute mlango uko wazi."

Alimeza dawa palepale, bila kubembelezwa. Aliomba hata mkate. Nilikuwa na neno moja la kumwambia, fupi na la kweli, na kama ningelisema angerudi kukaa pale dukani. Nililimeza. Nikachukua kigoda, nikamshika mkono.

Tulitembea. Kila kona alisimama, akageuza shingo kutazama tulikotoka.

"Usikimbie hivyo, binti yangu," aliniambia. "Unajua vile viatu vyake vya kazi vinambana."

Moyoni nilikuwa nimeanza sala ya kuwaombea marehemu. Ilinipotea katikati, kwa kuwa masikio yangu yalikuwa nyuma yetu, yakitegea hatua. Mama alinitazama usoni. Nikapunguza mwendo.