Gitaa la Mkamwana

Lukresia aliamka Jumapili hiyo na nyimbo tatu kichwani, na hakuna hata moja aliyoiamini. Mchana, baada ya misa, ndugu wa mumewe wangekuja hapo kwake Nyasura kula sato na kupiga soga tu. Hakuna kadi, hakuna kamati, hakuna mshereheshaji wa kuwapigia watu kelele. Muziki ni yeye, maana Samwel alikwisha kujitapa kwa ukoo mzima kwamba mke wake anapiga flamenko, gitaa la Kihispania, lile alilofundishwa na sista mmoja alipokuwa bwenini. Mdomo wa Samwel nao!

"Piga ile ya haraka," Samwel alisema akipaa samaki. "Watu wachangamke."

"Na baba je?"

Samwel aliendelea kupaa samaki aliyekwisha kumaliza kumpaa.

Baba ni Mzee Mugeta wa Buswahili. Katika ukoo wao baba mkwe na mkamwana hawasogeleani: hawashikani mikono, hawali meza moja, na neno likiwapo hupitia kwa mtu. Mtu huyo alikuwa mama mkwe, Nyangi, mama mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Yeye ndiye aliyebeba salamu: mzee ameshukuru kwa shuka, mzee anauliza kama kifua kimepona. Nyangi alipofariki, mwaka juzi, salamu nazo zikakatika. Mzee akawa mtu wa kuitikia kwa kichwa tu. Lukresia alimlilia mama mkwe, lakini tuseme ukweli, alijililia na yeye pia. Miaka sita ya ndoa, na kwa mzee yule alikuwa bado "mke wa Samwel", binti wa watu wa Bukima. Alitaka kujua jambo moja tu: pale kwao Samwel, yeye ni mtoto au ni mgeni?

Kusema naye hakuruhusiwi, basi alibaki na gitaa. Sasa apige nini? Ile ya haraka, ya kukwaruza nyuzi na kugonga ubao kwa vidole, mzee angeweza kuona mkamwana anamchezea juu ya kaburi la mkewe. Ile ya pole pole ilikuwa nzito, ingeweza kumrudisha msibani mbele ya sahani ya samaki. Ya tatu ilikuwa ya katikati, haina ubaya wala uzuri, na Lukresia hakuipenda kwa sababu hiyohiyo.

Wifi yake Shida aliingia jikoni na ndoo ya nyanya.

"Wifi, mbona umekunja uso hivyo? Chagua hata ya kufukuzia nzi, sisi tutacheza."

"Naogopa kumuumiza baba."

"Baba ameshaumia," Shida alisema, sasa bila utani. "Mama alikuwaga anakuomba ipi?"

"Ya pole pole. Alikuwaga anasema inamkamua machozi."

Shida alianza kukata nyanya.

Watu walikula, wakalamba vidole, viti vikasogezwa uani. Mzee aliketi mbali, amegeuza bega, kama adabu inavyotaka. Lukresia alikosa ujasiri, akaanza na ile ya haraka. Shida akatikisa mabega, baba mdogo Makoye akapiga makofi nje kabisa ya mdundo, watoto wakafurahi. Mzee alitazama ardhi. Wimbo ulipoisha, ardhi bado ilikuwa inatazamwa. Liwalo na liwe, Lukresia alijiambia, akaanza ya pole pole.

Ndani ya wimbo ule pana mahali nyuzi hupanda, hupanda, halafu mpigaji huzifunika kwa kiganja na kila kitu kikakatika. Ni kimya cha kama pumzi mbili, kisha unaendelea. Ndivyo sista alivyomfundisha. Lakini katika ukoo wa Mugeta mpigaji akikata muziki katikati, amefungua uwanja: mtu mzima anasimama kujigamba, na uzi hauguswi mpaka amalize. Lukresia alikuwa ameona majigambo hayo kwenye ngoma za Buswahili mara nyingi, ila hakuwahi kufikiri yangemkuta na gitaa la sista.

Kiti kililia. Mzee alikuwa amesimama.

Amechukia, anaondoka, Lukresia aliwaza. Jamani, si angepiga ya katikati tu!

Mzee akainua fimbo.

"Mimi Mugeta!" Sauti hiyo hawakuwa wameisikia tangu msibani. "Mimi niliyelima mtama kwa maksai wawili vichaa! Mimi niliyemwoa Nyangi nikiwa na shati moja! Nilikuwa na mke, nyie! Akicheka, kuku wanakimbia!"

"Sema, kaka!" Makoye alipaza sauti.

"Nina watoto watano!"

"Baba, tuko wanne," Shida alishindwa kujizuia.

"Hesabu umesomea wapi wewe? Nimesema watano!" Fimbo ikamwelekea Lukresia, kwa mbali. "Wa tano huyo hapo mwenye gitaa. Lukresia. Mama yenu aliniachia mtoto, na mimi nikakaa kimya kama mjinga."

Miaka sita, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Lukresia kusikia jina lake kinywani mwa mzee. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. Kiganja bado kilikuwa kimefunika nyuzi.

"Mbona hupigi, mwanangu? Nimemaliza. Wimbo wenyewe unaitwaje?"

Kwa mila yao, jibu lilipaswa kupitia kwa Shida. Lukresia hakungoja.

"Kwa Kiswahili ni upweke, baba."

Mzee aliketi taratibu, safari hii uso ukiwa upande wa Lukresia.

"Basi anza upya," alisema. "Leo tuko wengi."