Filamu Iliyoshindana na Senene

Ukurasa wa kumi na moja wa gazeti letu la kila Ijumaa, hapa Bukoba, ni wangu. Nahakiki filamu. Wauza magazeti wa stendi wananiambia watu hununua gazeti ili wasome nani kachinjwa wiki hiyo, na mimi sioni aibu. Filamu ya mapolisi waliofukuzana na majambazi kwa dakika arobaini niliiita mazoezi ya viungo. Ile ya mama mkwe mchawi, iliyoliza nusu ya mji, niliandika kwamba uchawi pekee niliouona ni wa hereni: marehemu alizikwa na za dhahabu, akafufuka na za fedha. Nimekisomea Kiswahili changu mpaka stashahada, na sina mpango wa kukitia maji ili kimfurahishe mtu.

Mwezi wa tisa niliandika sentensi moja ikanitoka mikononi. "Filamu bora itakuwa ile itakayomfanya Mhaya aache senene wampite. Bado haijatengenezwa." Kinyozi mmoja wa Hamugembe aliikata gazetini akaibandika juu ya kioo chake. Watu wakaitumia kutaniana. Kila mtu hapa anajua uzito wake: mvua za Novemba zikinyesha na wale panzi wa kijani tunaowakaanga wakaanza kushuka kufuata mwanga, mwalimu huacha chaki na washenga huacha posa mezani. Hakuna aliyewahi kulaumiwa kwa hilo.

Mapema Novemba, Evodia akaniletea filamu yake kwenye flashi.

Evodia ni mpiga video za harusi, anaishi Kitendaguro. Kwa miaka miwili alikuwa akirekodi filamu kila wikiendi aliyokosa harusi, kwao Kamachumu, na kuiita *Mwaka wa Mnyauko*. Inamhusu bibi mmoja ambaye migomba yake inashikwa na ugonjwa wa mnyauko, akaamriwa aikate yote. Nikaitazama ofisini mchana, chai mkononi. Nikaandika safu. Niliandika kwamba ilipofika katikati nilidhani kompyuta imeganda. Nikamkabidhi mhariri wangu, Sospeter, akacheka mpaka akavua miwani.

Jumatatu Evodia akanipigia simu. Mwijage, mwenye ukumbi wa sinema mjini, alikuwa amemwambia hatampa hata siku moja ya kuonyesha kabla hajasoma ukurasa wa kumi na moja.

"Dada Jovitha, umeitazama?"

"Nimeitazama."

"Mpaka mwisho?"

Sijifichi nyuma ya karatasi. "Mpaka pale bibi anapoanza kukata migomba. Pale nikapeleka mbele."

"Ukapeleka mbele."

"Dakika kumi na moja za mtu na panga, Evodia. Hakuna maneno, hakuna muziki. Hata mgomba wenyewe ungechoka kusubiri zamu."

"Keshokutwa naionyesha Kamachumu, uwanja wa shule, saa moja jioni. Njoo uitazame na wenye migomba."

"Nje? Na projekta? Mwezi huu?" Nikacheka. "Si ungewapelekea senene kadi za mwaliko kabisa."

"Najua ni mwezi gani. Si wewe uliyeandika?" akauliza. "Senene wakija na watu wakanyanyuka, chapisha ulichoandika. Kwa Mwijage siendi tena. Narudi kwenye harusi zangu na filamu nyingine sitatengeneza. Wakikaa, andika ulichokiona."

Nilipomweleza Sospeter, alitikisa kichwa. "Alhamisi saa nne asubuhi ukurasa unakwenda kiwandani. Nenda. Ila usije ukaniletea huruma."

"Huruma siijui," nikamwambia.

Jumatano mchana mvua ilinyesha Muleba nzima. Nilishuka Muhutwe, nikapanda na bodaboda mpaka Kamachumu, sketi ikiwa imelowa matope hadi magotini. Uwanjani Evodia alikuwa ameshona mashuka mawili meupe kuwa moja na kulifunga kwenye nguzo mbili za miti. Jenereta lilikuwa limefichwa nyuma ya darasa ili kelele zipungue. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia: wanaume wakitafuna punje za kahawa, akina mama kwenye mikeka, watoto mbele kabisa.

Kisha nikaona ndoo. Nikaona foronya, chupa za maji zilizokatwa shingo, hata sufuria la shughuli. Karibu kila mtu alikuja na chombo.

Nikakaa kwenye benchi kando ya bibi mmoja aliyepakata kikapu chenye kifuniko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa kwa nani?"

"Wa kwa Rutashobya, kule Muleba. Jovitha."

"Mimi Kokushubila. Umefuata sinema?"

"Ndiyo, bibi. Wewe je?"

"Sinema ni ya watoto, waitu mwanangu. Mimi nimefuata taa." Akapigapiga kifuniko. "Mvua imenyesha, mwezi hakuna, na yule binti ana taa ambayo Kamachumu nzima hatuna. Ningebaki nyumbani si ningekuwa mjinga?"

Nikamtazama Evodia akihangaika na nyaya, amechuchumaa, hageuki nyuma. Nikaona nitaandika kwa upole kidogo. Kidogo tu.

Filamu ikaanza, na watu wakaitazama kama wanavyotazama kila kitu, kwa midomo. Shemeji wa bibi wa kwenye filamu alipotokea, akizungumza kama anasoma matangazo ya kanisani, mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama mchango wa kwaya nao utatajwa. Watu wakacheka. Bwana shamba alipomwambia bibi kwamba migomba yote lazima ikatwe na kufukiwa, mwanamke mmoja mkekani alisema, "Huyo huyo ndiye aliyekuja kwangu," ingawa hakuwa huyo.

Senene wa kwanza alitua kwenye paji la uso la bibi wa kwenye shuka. Kicheko kikapita. Wa pili, wa tatu. Kisha hewa yote kati ya projekta na shuka ikajaa vitu vidogo vinavyometameta, vinashuka, vinashuka, vinagonga kitambaa kwa sauti kama mvua inayoanza kwenye majani makavu. Nikasikia mifuniko ikifunguka. Kokushubila akafungua wake.

Wakati huohuo, kwenye shuka, bibi akachukua panga akaingia kibanjani, kwenye migomba yake.

Hizi ndizo dakika kumi na moja. Bibi anafika kwenye mgomba wa kwanza, anaweka kiganja kwenye shina kama mtu anayempima mtoto homa, kisha anakata. Haukatiki kwa pigo moja. Maji yanamwagika mkononi mwake. Anakwenda wa pili. Kamera haimfuati, imekaa pale mlangoni pa nyumba kama jirani aliyekosa la kusema, na yeye anazidi kwenda mbali, na kila mgomba unaoanguka unafungua kipande cha mbingu ambacho hakikuwepo. Mezani kwangu ofisini nilikuwa nimeona mtu na panga. Sasa niliona nyumba inavuliwa nguo.

Nilikuwa nasubiri watu wanyanyuke. Nilisubiri dakika nzima, kwa masikio. Jenereta nililisikia. Panga nililisikia. Senene walikuwa wanatua kwenye mabega ya wanaume, kwenye nywele za watoto, kwenye mikeka, na hakuna mkono ulioinuka. Yule mzee mwenye maneno alikuwa na watatu kwenye kofia na mdomo wazi.

Kwenye shuka ukabaki mgomba mmoja, ule wa kando ya kaburi la mume. Bibi alisimama mbele yake na panga limening'inia.

"Huo uache," sauti ya mwanamume ikasema gizani. Hakupaza. "Huo wa kaburini uache, mama."

Hakuna aliyecheka. Bibi alisimama kana kwamba amesikia. Kisha akakaa chini, akaegemeza mgongo kwenye shina, na kukaa hivyo kwa muda ambao ofisini nisingeuvumilia. Halafu akanyanyuka akaukata.

Nikageuka kumtazama Kokushubila. Mkono wake wa kulia, juu ya kikapu kilicho wazi, ulikuwa umekunja ngumi, ukipanda na kushuka polepole, ukikata. Senene mmoja alikuwa anatembea kwenye kidole gumba changu. Nimeokota senene tangu sijui kusoma. Mkono wangu hufumba wenyewe bila kuniuliza. Nilimtazama akitembea mpaka kwenye kifundo, akaruka.

Shuka likawa jeupe. Watu hawakupiga makofi. Walikaa.

"Mimi nilikata siku mbili," Kokushubila alisema, si kwangu hasa. "Themanini na miwili. Kila mtu alikuwa anakata yake, hakuna aliyepata nafasi ya kuja kunitazama." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Leo wamenitazama."

Evodia angeweza kuzima mitambo; mafuta yalikuwa yanakwisha. Badala yake aliiacha projekta iwake bila picha, mwanga mtupu kwenye shuka. Mtu mmoja akaelewa, kisha wote. Uwanja mzima ukanyanyuka kwa mpigo, ndoo zikagongana, kelele na utani vikarudi, mzee wa kofia akianzia kichwani mwake.

Evodia akaja akasimama mbele yangu. "Umepeleka mbele?"

"Nilikosa kitufe," nikasema.

Nikampigia Sospeter.

"Nani kafa?" akauliza.

"Itoe safu yangu."

"Ukurasa umeshapangwa, Jovitha."

"Upangue. Ninaandika upya, utaipata kabla hujalala."

"Wewe? Tangu lini unaomba radhi?"

"Siombi. Shemeji bado anazungumza kama tangazo la kanisani, hilo linabaki. Na nitaandika kwamba nilipeleka mbele filamu ya mtu, wasomaji wajue."

Akashusha pumzi. "Mwijage amenipigia mara mbili leo kuulizia. Nimwambie nini?"

"Mwambie apange viti."

Nikakaa benchini, nikaanza kuandika kwenye simu: "Jumatano, Kamachumu, senene walishuka kabla ya saa mbili, na hakuna aliyenyanyuka." Nikaisoma, haikuhitaji kuongezwa chumvi, nikamtumia Sospeter iwe sentensi ya kwanza. Nilikuwa natafuta ya pili kivuli kiliponiangukia.

"Mwanangu," alisema Kokushubila, "unaandika barua na senene wanaondoka?"

Nikatia simu mfukoni nikamshikia kikapu.