Tititi Kwenye Droo

Katika nyumba yetu mimi ndiye nisiyeogopa kitu. Panya nampisha tu kwa adabu, radi naisikilizia chini ya kitanda kwa sababu huko kuna ubaridi mzuri, na daktari wa meno tumwache, si mtu wa kuzungumziwa. Kwa hiyo nikisema alasiri ile niliogopa, mjue niliogopa kwelikweli.

Kilichoanza kuniogopesha ni droo ya cherehani yangu. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, ni fundi wa redio na simu, na tunamwita Waya kwa sababu hata gauni lake la kutokea lina waya mfukoni. Aliiomba ile droo, akaitoboa matundu mawili, akatia spika, betri, amplifaya na kidude cha blutuuthi cha kunasa muziki kutoka kwenye simu. Akafunga mkanda wa mkoba wangu uwe wa kubebea. Droo aliiomba. Mkoba hakuuomba.

Siku hizo nilikuwa nimemficha binti yangu mdogo. Alikuja kwangu na jicho moja limevimba, amevaa viatu visivyofanana, amemkimbia mumewe. Yule mume aliapa atamtafuta popote, na akimpata safari hii hatatoka kwa miguu yake. Bahati yetu nilikuwa nimehamia nyumba ile karibuni na mkwe hakuijua, maana kunitembelea mimi kwake ilikuwa adhabu. Waliojua alipo binti yangu tulikuwa mimi, Waya, na mwanangu wa kiume, dereva, tunayemwita Gia. Ndiye aliyemleta kwa gari. Gari lenyewe ni la mkwe na Gia ni dereva wake, hivyo tulimsifu sana kwa kujitoa.

Simu ikilia, binti yangu alitetemeka mpaka meno yakagongana. Tukaweka sheria: anayeingia anazima simu yake, anaitumbukiza kwenye sufuria kubwa juu ya kabati, tunafunika. Hata jirani aliyekuja kuomba chumvi alizima.

Sasa droo. Waya alikuwa ameshaitibu makelele mawili. Moja lilikuwa mvumo uliokuja akichomeka chaja na kukatika akichomoa, akasema huo ni uchafu wa umeme wa ukutani. La pili lilikuwa mlio mwembamba kama wa mbu. Akagundua kile kidude na amplifaya vinanyonya betri kwenye waya mmoja, akavitenganisha, mbu akafa. Likabaki la tatu: tititi, tititi, trrr. Linakuja likipenda, linaondoka likipenda. Mara ya kwanza binti yangu aliangusha kikombe, akasema mumewe yumo humo. Nikamwambia kwa lile tumbo lake haingii kwenye droo. Alicheka kidogo, ila tangu hapo alikaa mgongo ukutani.

Alasiri hiyo mvua ilikuwa inapiga bati. Gia aliingia, akazima simu bila kuambiwa, akaitia kwenye sufuria, akatundika koti lake la mvua kwenye msumari juu ya meza ya Waya. Kisha akaenda jikoni, akafungua komeo la mlango wa nyuma. Nikamuuliza kulikoni, akasema hewa iingie. Nikajisemea moyoni, hewa gani na mvua hii, lakini mtoto ni wako, unamwacha.

Waya aliwasha droo bila muziki, mgongo wa droo uko wazi, akainama kuisikiliza. Kimya. Halafu tititi, tititi, trrr. Akazisokota nyaya pamoja, akazivika karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya chai. Sauti ikapungua, haikufa. Ikaja tena. Waya akasimamisha mkono hewani, akaitazama sufuria. Aliinuka, akafunua, akazigusa simu moja moja. Zote zilikuwa zimezimwa.

"Bibi," akasema polepole, "huu si ugonjwa wa droo. Hii ni simu inaongea na mnara. Na iko karibu, mkono unafika."

Mwili ukanisisimka hadi unyayoni. Binti yangu akasema yake aliivunja mumewe. Gia akasema itakuwa ya jirani. Waya akamjibu kwamba jirani yuko mbali, mjomba. Basi Gia akasema ni mvua. Nimeishi miaka mingi sijaona mvua yenye laini ya simu.

Nikaishika droo kwa mkanda, nikaipakata kama mtoto mchanga, nikaanza kuwapitia. Kwa binti yangu, kimya. Kwa Waya, kimya. Kwa Gia, kimya, naye akaitoa mifuko ya suruali nje, mitupu.

"Umeona, mama? Simu nyingine sina, na shemeji sijaongea naye tangu siku ile."

Nilitaka kumwamini. Nikawa narudisha droo mezani, chini ya msumari, ikapiga tititi kwa nguvu nusura niiangushe, na koti likaanza kutetemeka pale lilipotundikwa, kama nalo linaogopa.

Gia alipiga hatua kuliendea koti. Magoti yangu huwa yananidai ruhusa hata ya kwenda chooni, lakini safari hiyo hayakuuliza. Nilifika kwanza. Mfuko wa ndani ulikuwa na kasimu kadogo ka vitufe, kana joto la kifuani. Shule ya msingi ilinifundisha kusoma na sikusahau. Nikasoma ujumbe uliokuwa kwenye kioo mara moja, kimoyomoyo.

Nikamwambia Waya akimbie akakaze komeo la nyuma, asiulize. Nikasikia miguu yake, nikasikia chuma kikiingia. Komeo lilipotulia tu, kitasa cha mlango ule kikazungushwa kwa nje, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha wenyewe. Kikarudi. Kikazungushwa tena. Binti yangu aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni, amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Waya alishachukua simu yake kwenye sufuria na alikuwa anawaita polisi kwa sauti ya chini, anawaelekeza nyumba.

Mimi nikamgeukia mwanangu, nikamuuliza simu ile ni ya nani.

"Nimeiokota, mama, hata mwenyewe simjui. Na huyo aliyeandika atakuwa amekosea namba."

Nikaisogeza karibu na macho, nikamsomea kwa sauti, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa darasa la pili:

"Gia, nimefika. Mlango wa nyuma umefungua?"