Matairi ya Shangazi

Kidoti alinunua matairi kwa macho. Yalikuwa yamening'inizwa mbele ya banda la fundi baiskeli, manene, meusi, yenye meno makubwa, naye akajisemea kwamba tairi nene namna ile litameza mashimo yote, na Shangazi atakaa kwenye keria kama aliyekaa kwenye kochi. Akalipa, akafungiwa, akajaza upepo mpaka mikono ikamuuma. Halafu akaenda kumpakia mgonjwa wake.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mkata nguo. Miaka nenda miaka rudi, dada huyu wa baba yake alikata sare za shule katika karakana iliyo ng'ambo ya kijito, na kwa kazi hiyo ndiyo alimlea Kidoti peke yake hadi akajitegemea. Kisha mgongo ukaanza kumsumbua, akapasuliwa, akapona. Daktari alimruhusu kurudi kazini, na mwenye karakana akasema meza yake itamngoja mpaka Jumatatu, si zaidi. Tatizo likabaki njia. Nusu ni lami, nusu ni udongo na changarawe, na kwenye kijito kuna daraja la miguu ambalo gari halipiti. Pikipiki walijaribu mara moja. Shangazi alishuka akilia, na yeye si mtu wa kulia.

Kwenye lami yale matairi yalinguruma kama mashine ya kusaga. Kwenye changarawe hawakufika mbali.

"Nishushe," Shangazi alisema.

"Bado kidogo tu, Shangazi."

"Nishushe, mwanangu, kabla sijakutukana."

Walirudi kwa miguu, Kidoti akikokota baiskeli. Njiani Shangazi akasema meza wampe mtu mwingine. Alisema polepole, bila hasira, na hapo ndipo Kidoti alipoogopa kweli, kwa maana mwanamke yule alikuwa na hasira na kila kitu, hata na mvua.

Wakapitia kwa fundi. Fundi huyo, aliyeitwa Spoki kwa wembamba wake, hakukubali lawama hata chembe.

"Haya ni ya milimani, kwenye matope," alisema. "Nilikwambia, ukatia pamba masikioni. Njia yako inataka tairi lililo laini katikati, liteleze kwenye lami, na vimeno vidogo pembeni vya kushika udongo. Na liwe pana, mradi lisiguse fremu."

Akashusha matairi mawili ya aina hiyo, kila moja na kampuni yake, ila mtu angedhani ni mapacha. Kidoti akayatumbulia macho asione tofauti. Shangazi, aliyekuwa ameegemea mlango kwa ajili ya mgongo wake, akanyoosha mkono. Hakutazama meno wala nini. Alilibinya tairi la kwanza ubavuni kwa kidole gumba na cha shahada, kama anavyopima kitambaa dukani, akalikunja, akaliachia.

"Hili kola," akasema. "Gumu. Ukilikunja linakugombeza." Akashika la pili, akalikunja pia. "Hili linalala. Hili gauni."

"Ndilo nililofunga kwenye baiskeli yangu, mama," Spoki akasema, akicheka kwa furaha ya mtu aliyepata mwenzake. "Ubavu laini unalikubali jiwe. Mgumu unalileta lote mpaka mgongoni kwako."

Matairi yalipokwisha kufungwa, Kidoti akadaka pampu kwa pupa. Fundi akamzuia mapema.

"Ukijaza mpaka likawa jiwe, basi umefunga jiwe. Acha libonyee kidogo."

Jumatatu asubuhi wakatoka. Lami ilipita kimya kimya, wakawa wanapiga soga bila kupaza sauti. Kwenye changarawe baiskeli haikurukaruka tena. Ilizama kidogo, ikasonga mbele. Kidoti akaanza kuimba moyoni. Kisha likaja jiwe, na nyuma yake akasikia mguno. Likaja jingine, mguno ukawa mrefu zaidi. Akafunga breki. Moyo ulimvunjika, kwa sababu matairi mazuri kuliko hayo hayakuwepo, na karakana ilikuwa bado mbali.

"Samahani, Shangazi. Nimejaribu."

Shangazi alishuka, akashika kiuno, akawa anamtazama miguu.

"Hivi ukifika kwenye jiwe unafanya nini?"

"Mimi? Sifanyi kitu."

"Unanyanyuka. Nimekuangalia tangu tuingie kwenye udongo. Unasimama kwenye pedali, jiwe linapita chini, wewe hata habari huna. Mimi huku nyuma nimekaa kama gunia, nalipokea lote." Akakunja gauni, akalifunga fundo juu ya magoti. "Lete usukani."

"Shangazi! Mara ya mwisho uliendesha lini?"

"Kabla baba yako hajajua kufunga kamba za viatu. Na yeye unadhani alifundishwa na nani? Shusha kiti."

Kidoti akashusha kiti shingo upande, akashika keria. Baiskeli ikayumba kushoto, ikayumba kulia, ikaelekea mtaroni, ikaghairi. Shangazi aliilaani njia, akamlaani na aliyebuni baiskeli, popote alipozikwa. Lilipokuja jiwe akanyanyuka, na Kidoti, aliyekuwa akikimbia nyuma, akasubiri mguno. Haukuja.

"Unaumia?"

"Niachie, unanivuta!"

Akaachia. Alikimbia mpaka mbavu zikamchoma, kisha akatembea, na gauni la Shangazi likawa doa dogo mbele, likapotea kwenye kona ya kijito.

Alipofika karakana akihema, aliikuta baiskeli imeegemezwa ukutani. Ndani, Shangazi alikuwa mezani pake, chaki mkononi, akimfokea mtu kwa ajili ya mikono ya mashati iliyokatwa ovyo alipokuwa hayupo. Kidoti akasimama dirishani kwanza, amtazame tu. Hakuwa amepata raha kama ile tangu Shangazi alazwe hospitali.

"Shangazi, jioni nije saa ngapi kukuchukua?"

"Unichukue na nini?" Shangazi akauliza bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Baiskeli si ninayo mimi?"

Kidoti akageuka, akaanza safari ya miguu kwenda kazini kwake, mbali, na ameshachelewa. Machozi ya furaha yalimtiririka njia nzima, wala hakujali nani anamwona.