Maneno Aliyoyafuta Mahfoudha

Mahfoudha wa Ibra alikuwa na tabia moja: akikasirika na mtu, huandika kwenye simu yote aliyonayo moyoni, akayasoma, kisha akayafuta bila kuyatuma. Moyo ukapoa, na mtu hakuumia. Enyi mama mnaofanya hivi, msikilizeni huyu.

Bintiye Samah, fundi wa kurasa za mtandao huko Nizwa, alimtengenezea ukurasa wa kuuzia mkate wa kumimina na visheti.

"Mama, ukurasa mzima ndio mzazi, na hiki kisanduku cha kuandikia ndani yake ni mtoto. Nimewafunga pande mbili. Akibadilika mmoja, na mwengine anabadilika. Ukiandika kwako, naona kwangu hapo hapo. Hakuna kutuma."

"Mzazi amfuate mtoto? Ya Rabbi, hiyo mmeileta nyinyi!" Mahfoudha akacheka, na la kutuma likampita.

Alhamisi baada ya alasiri, Samah akapiga simu: kesho haji, kazi imembana. Na kesho ndiyo khitma, kisomo cha kumrehemu Humaid, kaka yake Samah, aliyekufa kwa ajali ya gari njia ya Ashkhara.

"Ijumaa gani hiyo ya kazi?" akasema Turkiya, mdogo wake Mahfoudha, huku akimenya iliki. "Mwanao keshakuwa Mnizwa, dada. Na siku utakayokufa wewe atakuwa kazini vilevile."

Mahfoudha akachukua simu. Ukurasa ulikuwa wazi mkononi. Kwenye kisanduku cha maelezo ya mkate akaandika: "Samah, Mungu angekuchukua wewe, akaniachia Humaid." Akayasoma. Akayafuta, akaandika, "Mkate wa kumimina, mtamu, wa iliki." Akashusha pumzi.

Simu ikalia.

"Mama, nimeyasoma," akasema Samah kwa sauti kavu.

"Umesoma nini? Mimi sikutuma kitu!"

"Nilikuwa nawaonesha wenzangu ukurasa wako kwenye skrini kubwa. Maneno yakaja mojamoja. Hawajui Kiswahili, alhamdulillah. Mmoja wao, Rasha, kaniuliza, mama anasema nini? Nikamwambia, anasema mkate leo umekwisha."

"Hasira tu, mwanangu, wallahi nimeyafuta..."

"Nimekuona ukifuta. Ulifuta polepole, mama. Nikayasoma tena."

Akakata.

Ijumaa ile Samah hakuja, wala iliyofuata. Simu hapokei. Lakini ukurasa unaendelea: picha mpya zinatokea, bei zinapangwa, wateja wanapiga mpaka kutoka Mudhaibi.

"Si unasema unachoandika anakiona?" akasema Turkiya. "Basi muombe radhi humo humo."

Mahfoudha akavaa miwani, akagusa kisanduku, akabonyeza N ya "Nisamehe". Ikatokea, ikatoweka. Akabonyeza tena. Akajaribu jina la bintiye. Kila herufi ilizaliwa ikafa chini ya kidole.

"Imeharibika?" akauliza Turkiya.

Haikuharibika. Samah ameifunga upande mmoja: ya Nizwa yanakuja, ya Ibra hayendi. Pale pale, mbele ya macho yake, bei ya visheti ikabadilika. Binti yuko, anaandika. Mahfoudha akaendelea kubonyeza.