Mto Bila Mkono wa Mtu

Mto ulikauka mbele ya macho yangu, kwenye kioo cha kompyuta, na shemeji yangu akapiga makofi.

"Umeona?" alisema. "Bwawa linasingiziwa bure. Mto wenyewe ndivyo ulivyoumbwa."

Mstari wa buluu ulikuwa umeteremka hadi kwenye sifuri, ukalala hapo kiangazi kizima. Huo ndio ulipaswa kuwa mto wa asili: uondoe bwawa, uondoe mifereji na mitambo ya kuvuta maji, uone mto ungekuwaje kama binadamu asingeugusa. Ofisini kazi hiyo tuliiita "mto bila mkono wa mtu", na kamati ya maji ilikuwa ikisubiri jibu letu. Mto ukionekana unakauka wenyewe, wenye bwawa wasingelazimishwa kufungulia maji kiangazi, na watu wa bonde la chini wangehamishwa. Mmoja wao alikuwa mama yangu mzazi.

Machale yakanicheza palepale. Lakini mimi machale hunicheza hata muuza nyanya akinichekea. Mume wangu husema nikisalimiwa mara mbili nauliza mtu anataka nini. Kwa hiyo nikaanza kumshuku mama. Watu wakizeeka huukumbuka mto mpana kuliko ulivyokuwa. Nikampigia simu.

"Mama, zamani, kabla ya bwawa, mto ulikuwa unakauka?"

"Ukauke uende wapi?" Akacheka. "Nani kasema ulikauka?"

"Kompyuta."

"Iulize imezaliwa wapi."

Basi mama nikamwondolea shaka, nikamhamia mhandisi wa bwawa, bwana mwenye maneno matamu ambaye kila akija ofisini alinijulia hali ya watoto ambao sijazaa. Ila yule hakuwahi kugusa mashine zetu. Takwimu zilipita katika mikono ya mtu mmoja tu kabla ya kunifikia: shemeji, mdogo wa mume wangu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na shule yao ilipofungwa mimi ndiye niliyembembelezea kazi pale. Na nilikuwa nimewaona, yeye na mhandisi, wakichekea jambo kwenye maegesho ya magari. Waliponiona wakanyamaza.

Nikangoja atoke kwenda kula. Nikabuni mfereji wa uongo kwenye kompyuta, nikaupa kiu kubwa, nikauweka juu ya bonde. Hesabu yenyewe ni nyepesi: ukitaka kujua mto ulikuwaje kabla ya watu kuchota, unachukua maji yaliyopo, unayarudishia waliyochota. Mfereji ukichota zaidi, mto wa asili lazima upande.

Ukashuka.

Nikauzidishia mfereji kiu, mto ukazidi kushuka. Jamani! Mto usio na watu ulikuwa unakaushwa na watu. Nikajisemea, hapa pana mkono wa mtu.

Aliporudi, bado anajifuta mdomo, nikamwonyesha kioo. "Shemeji, hapa umefanya nini?"

"Ulichoniagiza. Ulisema, toa matumizi ya watu. Nikatoa."

Kweli nilisema hivyo. Ofisi nzima tulisema hivyo: toa matumizi, yaani yaondoe mtoni, mto ubaki huru. Yeye akatoa kama mwalimu anavyotoa ubaoni, kumi toa tatu. Maji ambayo watu walikwisha kuyachota, akayapunguza mara ya pili. Kicheko kilinijia, na sikukizuia. Tukacheka wote wawili, na kwa muda nikampenda kama zamani.

Halafu nikakumbuka kiangazi.

"Lakini kuna miezi watu walichota mengi kuliko yaliyobaki mtoni," nikasema. "Ukitoa, si unapata hasi?"

"Nilipata."

"Ukafanyaje?"

"Mto hauwezi kuwa na maji hasi, shemeji. Nikaweka sifuri."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Alikuwa akipanga kalamu zake mezani, moja baada ya nyingine, taratibu. Mwalimu wa hesabu anaona jibu lisilowezekana, anarudia swali. Hilo alilifundisha mwenyewe maisha yake yote. Au labda alikuwa mgeni kazini, akaona haya kuuliza. Nililigeuza jambo hilo kila upande, lisikae sawa, nami roho ikaniuma.

Nilirekebisha hesabu. Mstari wa buluu ukapanda. Kiangazi ulikuwa mwembamba, lakini haukukatika. Kamati ikaamuru bwawa lifungulie maji, na mama akabaki kwake. Habari za sifuri sikumwambia mtu, hata mume wangu. Ningemwambia nini? Mdogo wako ama hajui, ama anajua mno?

Miaka imepita. Kisa cha "toa" nimekisimulia kwenye shughuli zote za familia, nikikimalizia pale pa kucheka. Juzi tulikuwa kwetu, nyumba imejaa, na shemeji akapita na birika akitujazia chai. Akafika kwangu.

"Nikuongezee, shemeji," akauliza, "au nitoe?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mama yangu alicheka hadi akashika ubavu. Nami nilicheka, huku nikimtazama machoni, na yeye alikuwa ananitazama vilevile, birika limeinama tayari.

Nikafunika kikombe kwa kiganja.

"Imetosha," nikasema.